Tiba ya viungo kwa watoto wetu isiwe ya kukisia

Jina la Mwakirunge likitajwa magazetini, aghalabu hutajwa kwa sababu ya taka. Huko ndiko liliko jaa kuu la Mombasa, na kila malori yanapokwama au moshi unapozidi, waandishi hukumbuka kwamba upande ule wa Kisauni kuna watu. Leo napenda kulitaja jina hilo kwa sababu nyingine. Huko Mwakirunge, kama ilivyo katika kila kata ya nchi hii, wamo watoto ambao viungo vyao havikukua kama vya wenzao. Wapo waliozaliwa na mguu uliopinda, wapo wenye mtindio wa ubongo, na wapo waliougua malaria kali au homa ya uti wa mgongo wakanusurika, lakini upande mmoja wa mwili ukabaki umelegea. Wazazi wao huambiwa wawapeleke kwa mtaalamu wa tiba ya viungo. Swali ninalotaka tulijadili, msomaji, ni hili: wakishafika huko, je, wanachofanyiwa kimethibitishwa kuwa kinafaa, au hufanywa tu kwa kuwa ndivyo kilivyofanywa jana na juzi?

Swali hili halina dharau ndani yake. Nawastahi sana wataalamu hawa, ambao ni wachache na hufanya kazi katika vyumba vidogo vyenye foleni ndefu. Kenya ilipitisha sheria yao mwaka 2014, ikaunda baraza la kuwasajili, na mwaka 2017 ikapitisha nyingine kwa ajili ya wenzao wanaowafundisha wagonjwa shughuli za kila siku kama kula, kuvaa na kushika kalamu. Leseni humhakikishia mzazi kwamba aliye mbele yake amesoma. Haimhakikishii kwamba yote aliyoyasoma yangali kweli.

Tufanye hesabu ndogo, maana sisi walimu twaipenda hesabu. Mama wa Mwakirunge humbeba mtoto wa miaka 4 mgongoni, hutafuta bodaboda au matatu ya kumfikisha barabara kubwa, kisha huvuka daraja la Nyali kuingia kisiwani ili afike Hospitali Kuu ya Pwani. Akiwa ameelekezwa Port Reitz, hukipita kisiwa chote na kutokea Makupa hadi upande wa Changamwe. Siku nzima imekwisha, na kibarua cha siku hiyo kimepotea. Tuseme ameweza kwenda kila wiki, jambo ambalo ni nadra, na kila mara mtoto akahudumiwa kwa nusu saa. Kwa mwezi ni saa 2. Mtoto akiwa macho saa 12 kwa siku, mwezi wa siku 30 una saa 360. Mtaalamu amepata saa 2. Saa 358 zimebaki nyumbani, uani na shuleni.

Basi kama tiba ni ile tu inayotendwa na mikono ya mtaalamu, mtoto huyu hana tiba.

Kwa bahati njema, uchunguzi wa miaka ya karibuni umeonyesha kwamba saa zile 358 ndizo zenye thamani kubwa zaidi. Mwaka 2009 Iona Novak na wenzake wa Australia walichapisha matokeo ya jaribio walilowafanyia watoto 36 wenye mtindio wa ubongo waliofikia umri wa kwenda shule. Kura ilipigwa: baadhi ya familia zikapewa mpango wa mazoezi ya nyumbani, nyingine zikaendelea kama zamani. Mazoezi hayo hayakuwa ya kunyooshanyoosha. Familia yenyewe ilitaja jambo inalotaka mtoto aliweze, kama kufunga vifungo vya shati au kunywa bila kumwaga, kisha mtaalamu akawafundisha namna ya kulizoeza jambo lilo hilo. Wazazi walifanya hivyo takriban mara 17 au 18 kwa mwezi, kila mara kwa muda wa dakika 16 hivi. Baada ya wiki 8 watoto hao walikuwa wamewapita wale wasiopewa mpango. Dakika 16 ni muda wa kuchemsha uji.

Wanafunzi watauliza kura ilipigwa ya nini. Ilipigwa kwa sababu mtoto hukua. Ukimkanda mtoto kwa mwaka mzima, mwisho wa mwaka atakuwa amebadilika, nawe utadhani ni mikono yako iliyombadilisha, kumbe ni mwaka wenyewe. Njia ya kutenganisha kazi ya tiba na kazi ya wakati ni kuwa na kundi jingine la watoto wanaofanana na hao ambao hawakupata tiba hiyo, na njia ya kumzuia mtafiti asijichagulie walio hodari ni kuiacha kura iamue. Daktari Archie Cochrane wa Uingereza aliwakumbusha wenzake jambo hili katika kitabu alichokitoa mwaka 1972, na tangu mwaka 1993 uko umoja wa watafiti unaolibeba jina lake, ambao hukusanya majaribio ya aina hiyo na kuyapima kwa pamoja. Kwa upande wa tiba ya viungo, wataalamu wa Sydney walianzisha mwaka 1999 hazina iitwayo PEDro, ambayo mwanafunzi wa chuo chochote cha Mombasa anaweza kuisoma kwenye simu bila ya kulipa senti ya ada.

Mwaka 2013 Novak huyo huyo aliongoza kazi kubwa zaidi. Walizipitia aina 64 za huduma wanazopewa watoto wenye mtindio wa ubongo, wakatazama ushahidi wa kila moja kwa kila lengo lililokusudiwa, kisha wakazipanga kwa rangi za taa za barabarani. Ni asilimia 16 tu ya matokeo waliyoyapima iliyopata taa ya kijani, yaani fanya bila ya wasiwasi. Asilimia 6 ilipata nyekundu. Sehemu kubwa iliyobakia ilikuwa njano, nyingine ikielekea kufaa na nyingine ikielekea kutofaa. Miongoni mwa zilizopata kijani ni mazoezi yenye shabaha maalumu, mipango ya nyumbani, na ule utaratibu wa kuufunga kwa muda mkono wenye nguvu ili mkono dhaifu ulazimike kufanya kazi. Miongoni mwa zilizoanguka ni njia mashuhuri iliyobuniwa London na Karel na Berta Bobath katikati ya karne iliyopita, ambayo imefundishwa vyuoni kote duniani na ambayo humtaka mtaalamu auongoze mwili wa mtoto kwa mikono yake. Bobath walikuwa watu wa huruma, tena waliwatetea watoto hawa zama ambazo wengine waliwakatia tamaa. Hata hivyo, huruma na jina kubwa havikuisaidia njia yao ilipowekwa kwenye mizani.

Kunyoosha nako kumepimwa. Mapitio ya Cochrane ya mwaka 2017, yaliyojumlisha tafiti 49 zenye wagonjwa 2,135, yalikuta kwamba kunyoosha misuli kwa miezi isiyozidi 7 hakuzuii wala hakuondoi kukakamaa kwa viungo kwa kiasi cha kumnufaisha mgonjwa. Wala si miguu tu. Kule kumpigapiga kifuani na mgongoni mtoto mchanga mwenye kikohozi cha kuziba vijia vya pumzi, ambako hufanywa hospitalini kwa nia njema, kumechunguzwa mara kadha na hakukuonekana kumpunguzia siku za kulazwa.

Mwaka jana mama mmoja wa Mwakirunge alinijia baada ya mkutano wa wazazi. "Mwalimu," akasema, "mwanangu ananyooshwa miguu mwaka wa pili sasa. Nauli yenyewe ndiyo hiyo. Niendelee, ama niwache?" Nilimwambia, "Mama, usiache, ila ukirudi waambie: nataka mwanangu aweze kukaa peke yake nikimpa chakula. Mnifundishe mimi namna ya kumzoeza." Alinitazama kama niliyemwambia akamwamrishe hakimu. Nalielewa jicho lile. Tumelelewa kunyamaza mbele ya koti jeupe, na mtaalamu mwenyewe hakufundishwa kuulizwa.

Tusidhani, lakini, kwamba habari zote za ithibati ni za kuvunja moyo. Upo mfano mmoja ambao kila mwalimu wa sayansi angefaa kuusimulia darasani, nao ni wa mguu kifundo. Mtoto mmoja au wawili katika kila 1,000 huzaliwa na unyayo mmoja au zote mbili zikiwa zimepinda kwa ndani na kutazamana. Kwa miaka mingi madaktari wa nchi tajiri waliwafanyia watoto hao upasuaji mkubwa. Mguu ulinyooka na picha ikapendeza, lakini wengi wao walipofikia utu uzima walikuwa na nyayo ngumu zenye maumivu. Wakati huo huo, huko Iowa nchini Marekani, daktari mzaliwa wa Hispania aitwaye Ignacio Ponseti alikuwa akifanya jambo lililoonekana la kishamba: aliukunja mguu wa mtoto mchanga taratibu kwa mikono, akaufunga plasta, na baada ya wiki moja akaifungua na kuukunja tena kidogo. Plasta 5 au 6 zilitosha. Kisha ilikatwa kano ya kisigino kwa tundu dogo, na mtoto akavishwa viatu vilivyounganishwa kwa ufito, mchana na usiku kwa miezi 3, halafu usiku tu hadi afikishe miaka 4 au 5. Alianza mwishoni mwa miaka ya 1940 na wenzake wakampuuza kwa muda mrefu. Mwaka 1995 yalichapishwa matokeo ya wagonjwa wake wa zamani waliofuatiliwa kwa miaka 30 na zaidi: asilimia 78 walikuwa na nyayo nzuri au nzuri sana, ilhali kwa watu ambao hawakuzaliwa na kilema hicho ilikuwa asilimia 85. Hapo ndipo dunia ilipogeuka.

Samaki mkunje angali mbichi, walisema wazee wetu, na sijui kama wao wenyewe walidhani ingefikia kuwa kanuni ya hospitali. Lililo muhimu kwetu ni kwamba Uganda haikungoja. Majaribio yalianza huko mwaka 1999, na kuanzia mwaka 2004 mradi wa kitaifa uliwafundisha maafisa wa mifupa wasio madaktari kufunga plasta hizo katika hospitali za wilaya. Kenya nayo inayo huduma hiyo. Kinachoirudisha nyuma kazi nzuri si plasta, ni viatu: mzazi akishauona mguu umenyooka huviacha, na mguu hurudi ulikotoka. Kwa hiyo hata tiba iliyothibitishwa kabisa huishia nyumbani usiku, mikononi mwa mama aliyechoka, penye mtoto anayelia kwa kuwa hataki kuvaa ufito. Hapo anahitajika mtu wa kumtembelea na kumtia moyo. Mpasuaji hana kazi hapo.

Najua litakalosemwa. Wapo watakaouliza Australia na Kanada zinahusianaje na Mwakirunge, penye mchanga na jua na nyumba ya udongo. Pingamizi hilo lina haki yake. Jaribio la watoto 36 wenye wazazi waliosoma halitoshi kuwa sheria kwa Kisauni, nami ningependa sana kuona jaribio kama hilo likifanywa katika Pwani yetu. Lakini si kweli kwamba sisi hatuna elimu yetu wenyewe. Mwendo wa saa moja hivi kutoka Mwakirunge uko mji wa Kilifi, ambao watafiti wake wanajulikana duniani. Utafiti wao uliochapishwa mwaka 2006 ulikuta kwamba katika kila watoto 1,000 wa miaka 6 hadi 9, watoto 61 walikuwa na ulemavu wa wastani au mkali wa mfumo wa neva, ukiwamo kifafa, upungufu wa akili, wa kusikia, wa kuona au wa viungo. Wizara ya Afya ya Kenya imekuwa ikitoa mwongozo wa tiba ya watoto wagonjwa unaotegemea ithibati iliyopimwa hapa hapa nchini, na madaktari huubeba mfukoni. Kwa nini kidato hicho kiishie mlango wa wodi, kisifike chumba cha mazoezi?

Uganda nayo imetupa habari nzito zaidi. Angelina Kakooza-Mwesige na wenzake waliwachunguza watoto 31,756 katika wilaya za Iganga na Mayuge, na mwaka 2017 wakaripoti kwamba wenye mtindio wa ubongo ni 2.9 kwa kila 1,000. Waligundua pia kwamba miongoni mwa watoto wakubwa idadi ilikuwa ndogo, hasa ya wale wenye hali mbaya. Hawakupona. Walipofuatiliwa kwa miaka 4, ilidhihirika kwamba watoto hao wanakufa mara 25 zaidi ya wenzao. Wanakufa kwa utapiamlo, kwa malaria, kwa chakula kilichoingia njia ya pumzi. Tunapojadili tiba ya viungo basi, tusidhani tunajadili starehe ya kutembea vizuri tu. Kumfundisha mama namna ya kumkalisha mtoto wima anapomlisha ni kumwokoa roho.

Na wakati hausubiri. Watafiti wa Ontario nchini Kanada, wakiongozwa na Peter Rosenbaum, waliwapima watoto 657 wenye mtindio wa ubongo na kuchapisha matokeo mwaka 2002. Waliona kwamba mtoto hufikia takriban asilimia 90 ya uwezo wake wa mwendo anapokaribia miaka 5, na wale wenye hali kali hufikia hapo kabla hata ya miaka 3. Linganisha na desturi yetu. Mtoto huonekana hakai akiwa na miezi 9, na majirani husema atakaa tu, babake naye alichelewa. Akipata degedege, hutafutwa mganga wa kufukuza nyuni. Nyanya humkanda kwa mafuta ya nazi kila jioni. Wengine humpeleka ufuoni na kumfukia mchangani hadi kiunoni ili miguu ipate nguvu. Mimi sicheki, maana kumkanda mtoto ni mapenzi, na kumsimamisha mchangani hakuko mbali sana na vile viunzi vya kusimamishia watoto ambavyo wataalamu hununua kwa bei kubwa. Ila mizani iwe moja. Tukimwuliza nyanya umejuaje kwamba mafuta yatamtembeza mtoto huyu, tumwulize na mwenye koti jeupe.

Walimu wa chekechea na wa darasa la kwanza humpokea mtoto huyo akiwa na miaka 4, 5 au 6, muda wenyewe unapoyoyoma. Tangu mwaka 1984 nchi hii ina vituo vya kutathmini watoto wenye mahitaji maalumu, na Mombasa inazo shule zilizowalea watoto hawa kwa miaka mingi, kama ile ya Port Reitz na ile ya Tom Mboya ya watoto wenye mtindio wa ubongo. Lakini mtoto wa Mwakirunge hulala Mwakirunge. Mwalimu wake wa kila siku anaweza kuuliza mtaalamu aandike katika daftari la mtoto shabaha moja tu ya muhula: kwa mfano, aingie darasani kwa miguu yake kutoka mlangoni hadi dawatini. Mwezi ukiisha, mwalimu huhesabu hatua na kuziandika. Huo ni ushahidi, japo mdogo, na mtaalamu atakayeuona daftarini atajua aendelee au abadili.

Hata kiti kinaweza kupatikana. Iko sanaa iliyoanzia Zimbabwe ya kutengeneza viti na meza za watoto wenye ulemavu kwa tabaka za katoni na karatasi zilizogandishwa kwa uji wa unga. Kikikauka hubeba mtoto bila ya kuyumba. Imejaribiwa na watoto wachache wa Kenya kwa matokeo ya kutia moyo, ingawa utafiti ulikuwa mdogo mno kuweza kumaliza mjadala. Katika mtaa ambao katoni za jiji zima hupita mbele ya nyumba zikielekea kuchomwa, ingekuwa ajabu mtoto aendelee kulazwa mkekani chali kwa kukosa kiti. Zichukuliwe madukani zingali safi, kabla hazijapanda lori.

Afya iko mikononi mwa kaunti tangu mwaka 2013. Mwaka 2023 serikali iliwaandaa wahudumu wa afya ya jamii zaidi ya 100,000 nchini kote, wanaopita nyumba kwa nyumba wakiwa na mikoba yao. Naona ajabu kwamba mtu anayebisha hodi mlango wa mama yule kila mwezi asiwe amefundishwa kumtambua mtoto wa miezi 9 asiyekaa, wala kumkumbusha mama habari ya viatu vya ufito. Mtaalamu mmoja akitoka kisiwani siku moja kwa wiki na kuja Mwakirunge kuwafundisha wahudumu 10 na akina mama 20, gharama ni ya gari na mafuta. Hivi sasa gharama hiyo hulipwa na akina mama hao 20, kila mmoja peke yake.

Mikutano ya kuchukua maoni ya wananchi kuhusu bajeti ya kaunti hufanywa kila mwaka kabla ya tarehe 1 Julai. Aghalabu huzungumzwa barabara, maji na taa za mitaani. Safari hii walimu wa Mwakirunge waende na swali lao limeandikwa, nalo lijibiwe kwa tarakimu: ni watoto wangapi wa chini ya miaka 2 wenye ulemavu wa viungo waliofikiwa nyumbani kwao mwaka huu, na ni wangapi kati yao wanaoweza leo kufanya jambo ambalo mwaka jana hawakuliweza?